Ndege Ndogo Iliyobeba Majenerali na Wanafunzi

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ujuzi wa rubani wa jeti unazeeka, tena upesi. Mtu akihamishiwa ofisini akashinda na mafaili kwa miezi kadhaa, siku akirudi angani mikono yake inachelewa. Macho yanazunguka kuitafuta saa ya mwinuko, ambayo zamani aliisoma bila hata kugeuza shingo. Maelekezo ya mwongozaji ndege anayasikia redioni, lakini yanamjia kwa kasi kuliko anavyoweza kuyafanyia kazi. Katika mwendo wa kilomita 800 kwa saa, sekunde tano za kusitasita ni zaidi ya kilomita moja ya anga iliyokwisha kupita.

Katikati ya miaka ya 1950, Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na marubani wengi wa namna hiyo. Walipigana Vita vya Pili vya Dunia, wakapigana Korea, wakapanda vyeo, na vyeo vikawapeleka mezani. Kanuni iliwataka waendelee kuruka ili wasipoteze sifa za urubani pamoja na posho yake. Ndege walizopewa kwa ajili hiyo nyingi zilikuwa masalia ya vita: C-45 za pangaboi, hata B-25, ambazo enzi zake zilikuwa za kudondosha mabomu. Wakati huohuo vikosi vya mapambano vilikuwa vimekwisha kuhamia kwenye jeti. Kanali aliyetimiza saa zake za kuruka kwa mujibu wa kanuni alikuwa hajaongeza chochote katika ujuzi ambao vita ijayo ingemdai.

Jeshi hilohilo lilikuwa na shida nyingine. Majenerali na maofisa wa mipango walitakiwa kufika vituo vilivyo mbalimbali, nchi ni pana, na kuwapakia watu watano kwenye dege kubwa la mizigo ni kuteketeza mafuta bure.

Agosti 1956, jeshi liliziunganisha shida hizo mbili katika tangazo moja. Lilitaka jeti ndogo ya kubebea watu wachache na mizigo midogo, na ndege hiyohiyo itumike kuwanoa marubani. Mradi uliitwa UTX. Sharti lake lilikuwa zito: kampuni inayotaka kazi ijenge ndege ya mfano kwa fedha zake yenyewe, iirushe, ndipo jeshi liitazame na kuamua.

North American Aviation ya California iliingia. Kampuni hii ndiyo iliyotengeneza ndege ya kivita ya Mustang, na ndiyo iliyotengeneza Texan, ndege ya mafunzo iliyojengwa kwa idadi inayozidi 15,000 na kuwafundisha marubani wa mataifa mengi. Kwa hiyo biashara ya kumtoa mwanafunzi ardhini iliijua vizuri. Mwaka 1958 ilikuwa ikikamilisha X-15, ndege ya roketi iliyokuja kufika ukingoni mwa anga za juu, na macho ya dunia yalikuwa huko. Ndege ndogo yenye injini mbili mkiani iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 16 Septemba 1958, mwezi mmoja tu kabla X-15 haijatolewa hadharani. Kampuni iliiita Sabreliner. Jeshi likaipa jina T-39, na hiyo T ni herufi ya ndege za mafunzo.

Jina Sabreliner halikuokotwa. Mabawa na mkia wake vilichukua mengi kwa F-86 Sabre, ndege ya kivita ya kampuni hiyohiyo iliyopambana na MiG-15 katika anga ya Korea. Mabawa yamelazwa nyuma kwa nyuzi 28. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa kuna vibao vinavyochomoza vyenyewe mwendo unapopungua, bila rubani kugusa chochote, ili upepo uendelee kulishika bawa ndege inapokuja kutua. Sabre ilikuwa na vibao vya namna hiyohiyo. Rubani mzee wa Korea aliyeketi kwenye T-39 alikuwa anakutana na ukoo anaoujua.

Madirisha ya Sabreliner hayafanani na ya ndege nyingine. Ni ya pembetatu, na kila pembe imeviringishwa. Ndani ya ndege inayoruka juu sana hewa hubanwa ili watu wapumue, na mkandamizo huo husukuma bati kwa nje kila safari. Pembe kali ya dirisha ndipo nguvu hukusanyika na ufa huanzia. Pembe iliyoviringishwa huisambaza. Mlango uko upande wa kushoto, nyuma kidogo ya marubani. Mtu mrefu akiingia lazima ainame, na akitembea ndani abaki ameinama, kwa sababu dari haimtoshi. Jenerali mwenye nyota nne aliinama sawasawa na luteni aliyekuja kujifunza rada.

Vipimo vyake havitishi. Urefu ni mita 13 na ushei, na upana wa mabawa ni karibu uleule. Marubani ni wawili, abiria wanne hadi saba. Injini mbili za Pratt & Whitney aina ya J60 ziliipa mwendo wa kilomita zipatazo 880 kwa saa, na iliweza kupanda zaidi ya mita 12,000, huko juu ambako wakati ule ndege nyingi za abiria za pangaboi hazikufika. Januari 1959 jeshi liliagiza saba. Oda ikakua hadi T-39A 143, na ukijumlisha za Jeshi la Majini zikapita 200. Raia nao walizinunua. Hadi uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sabreliner za kijeshi na za kiraia zilikuwa zimezidi 800.

Darasa lenye mabawa

Katika yote ambayo ndege hii ilifanya, ualimu ndio unaonivutia kuliko kubeba wakubwa.

Chukua mfano wa F-105 Thunderchief. Ilikuwa ndege kubwa ya kivita, nzito, iliyotakiwa kuruka chini sana usiku na kwenye mawingu ikiongozwa na rada yake. Aina iliyoitwa F-105D ilikuwa na kiti kimoja tu. Mwalimu angekaa wapi? Rubani angejifunza vipi kuisoma rada hiyo huku ardhi inapita chini yake kwa kasi ya kutisha, akiwa peke yake, siku ya kwanza? Jibu lilikuwa T-39B. Sita zilijengwa, zikafungiwa rada ya Thunderchief pamoja na vyombo vyake vya kutafutia njia, zikapelekwa kituo cha Nellis huko Nevada. Humo mwanafunzi alikosea mbele ya mtu anayejua. Mlima ukionekana kwenye kioo kama kivuli, mwalimu alimwonyesha kwamba ni mlima. Ziwa likionekana kama tundu jeusi, alimweleza kwa nini. Siku alipoingia kwenye chumba cha kiti kimoja, kioo kile kilikuwa kimekwisha kuwa rafiki.

Jeshi la Majini lilikwenda mbali zaidi. Liliagiza 42 za aina ya T-39D, zenye rada, kwa ajili ya mtu ambaye wengi hatumfikirii tunapotaja ndege za kivita: yule anayekaa kiti cha nyuma. Katika F-4 Phantom ya Jeshi la Majini, mtu wa nyuma hakuwa na usukani. Kazi yake ilikuwa kumtafuta adui kwenye rada, kukadiria umbali, mwinuko na pembe ya kumkabili, kisha kumwambia rubani ageukie wapi na lini. Rubani alikuwa mikono. Yeye alikuwa macho. Akikosea hesabu, ndege mbili zinazokaribiana kwa kasi ya kutisha zinapishana kabla hata rubani hajaelewa kilichotokea.

Mafunzo hayo kwenye T-39 yalikuwa kazi ya kuchosha, na inafaa msomaji ayapate kama yalivyo. Mwanafunzi anakaa mbele ya kioo cha rada, kichwa kimeinama. Ndege nyingine inajifanya adui mahali fulani mbele yao. Kwenye kioo inatokea alama moja hafifu, na alama hiyo ndiyo dunia yake yote kwa dakika chache zijazo. Anatakiwa aseme inakoelekea, kwa sauti tulivu, kwa maneno machache. Akimaliza kusema, alama imehama. Anaanza upya. Rubani anageuza ndege kwa ukali kama alivyoelekezwa, na mwanafunzi, ambaye haoni upeo wa macho, anauona mgeuko huo kwa tumbo. Wengi walitapika. Mwalimu aliye karibu anamwacha ahangaike kidogo, kisha anamuuliza swali moja: adui yuko upande gani wako sasa hivi? Anayeweza kulijibu swali hilo wakati ndege imelala ubavu na kichefuchefu kimempanda kooni, huyo amefuzu jambo lisilofundishika ubaoni.

Kituo cha Pensacola, Florida, kililea vizazi vya maofisa wa aina hiyo. Kuna historia fupi inayoonyesha thamani ya ndege hii. Katikati ya miaka ya 1980 Jeshi la Majini liliibadilisha na kuleta jeti mpya ya Cessna iliyoitwa T-47. Haikudumu. Kufikia 1991 T-47 zilikuwa zimeondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na nani? Sabreliner ileile. Safari hii zilikuwa Sabreliner za kiraia zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, zikafungiwa rada ya ukoo wa ile iliyomo kwenye F-16, zikaitwa T-39N. Kumi na saba za namna hiyo ziliendelea kufundisha hadi ndani ya miaka ya 2010. Ndege iliyochorwa wakati Eisenhower yuko Ikulu ilikuwa bado inawafundisha vijana waliozaliwa baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka.

Filamu za Saigon

Upande wa uchukuzi nao una heshima yake, ingawa nitaupitia haraka. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, T-39 chache zilipelekwa kituo cha Tan Son Nhut, Saigon. Safari zake ziliitwa Scatback. Zilibeba wakubwa, ndiyo, lakini mzigo wake uliosubiriwa kwa hamu ulikuwa filamu. Ndege za upelelezi zilipiga picha za barabara, madaraja na maghala. Picha hizo hazikuwa na maana mpaka zisafishwe na kufika mikononi mwa wanaopanga mashambulizi ya kesho. Kwa kawaida njia ya kuzifikisha ilikuwa kumpa mtu, naye apande ndege. Jeti ndogo iliyoweza kutoka kituo hadi kituo mchana mmoja ilikuwa ndiyo posta ya vita.

Jumanne moja juu ya Ujerumani

Tarehe 28 Januari 1964 ilikuwa Jumanne. Saa nane mchana ilikuwa imepita kidogo wakati T-39A iliporuka kutoka kituo cha Wiesbaden, Ujerumani Magharibi, kwa safari ya mafunzo iliyopangwa kuchukua saa tatu hivi. Ndani walikuwemo watu watatu: Luteni Kanali Gerald Hannaford, Kapteni John Lorraine na Kapteni Donald Millard. Hawakuwa na silaha. Hakukuwa na kamera za upelelezi wala jenerali wa kupeleka popote. Ilikuwa ni siku ya darasa.

Ili kuelewa kilichofuata inabidi kuitazama ramani ya wakati ule. Ujerumani ilikuwa imekatwa vipande viwili. Upande wa mashariki ulikuwa na majeshi makubwa ya Umoja wa Kisovieti, yenye ndege za kivita zilizokaa tayari usiku na mchana. Ndege za Magharibi ziliruhusiwa kupita juu yake katika njia tatu tu za kwenda Berlin, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 32 hivi. Nje ya njia hizo, aliyevuka alihesabiwa mvamizi. Kutoka Wiesbaden hadi mpakani ni kama kilomita 150. T-39 inazimaliza kwa dakika kumi.

Haijatimia saa moja tangu waruke, vituo vya rada vya Marekani viliona alama ya T-39 ikielekea mashariki. Waongozaji waliita. Hawakujibiwa. Waliita tena, na alama ikavuka mpaka. Wasovieti walirusha ndege za kivita. Yapata saa tisa alasiri MiG-19 iliifyatulia T-39 risasi, nayo ikaanguka Vogelsberg, kijiji kilichoko kaskazini mwa Erfurt, katika jimbo la Thuringia. Wote watatu walikufa.

Hiyo MiG-19 si chombo kigeni kabisa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. China iliitengeneza kwa leseni na kuiuza nje kwa jina la F-6, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizokuwa nazo.

Moscow ilisema ndege iliingia kwenye anga ya Ujerumani Mashariki na kukaidi ishara za kuitaka itue. Washington ilisema kuua watu watatu kwenye ndege ya mafunzo isiyo na silaha ni kitendo kisicho na udhuru. Maofisa wa Marekani waliotaka kufika kwenye mabaki walizuiwa kwanza. Wiki sita baadaye, tarehe 10 Machi, ndege nyingine ya Marekani, RB-66, ilivuka mpaka huohuo na kuangushwa. Safari hiyo wote watatu waliruka kwa miavuli, wakakamatwa, na wakarudishwa mwezi huohuo. Baada ya matukio hayo mawili, Wamarekani walikaza masharti ya kuruka karibu na mpaka.

Mimi nasimama upande wa wale watatu. Ndege ya mafunzo ni mahali palipotengwa kwa ajili ya makosa. Mwanafunzi huipanda ili akosee hesabu ya upepo, asome vibaya chombo, ageukie kushoto badala ya kulia, na mwalimu amrekebishe. Kote duniani makosa ya aina hiyo hutokea kila siku na humalizika kwa karipio na kikombe cha kahawa. Juu ya Thuringia, mwaka ule, hayakuruhusiwa. Rubani wa MiG alikuwa na amri zake, na waliomwamuru walikuwa na hofu zao, lakini alikuwa nyuma ya ndege ndogo isiyo hata na bunduki moja. Kulikuwa na muda wa kuisindikiza hadi iishiwe mafuta. Waliochagua risasi walichagua vibaya.

Nawalaumu pia waliopanga ratiba. Kuwapeleka wanafunzi kujifunzia dakika kumi kutoka kwenye mpaka wa hatari kuliko yote duniani, katika jeti inayokwenda kasi namna ile, kulihitaji tahadhari ambazo zilikazwa baada ya vifo. Leo hapo Vogelsberg pana jiwe la kuwakumbuka.

Waliokufa bila vita

T-39 iliua pia pasipo adui. Tarehe 20 Aprili 1985, moja ilipita mwisho wa njia ya kutulia kwenye uwanja wa Wilkes-Barre na Scranton, Pennsylvania, ikalipuka. Ndani alikuwemo Jenerali Jerome O'Malley, mkuu wa kamandi iliyosimamia ndege za kivita za Marekani nchini humo, pamoja na mkewe Diane na wanajeshi watatu. Wote watano walikufa. O'Malley alikuwa mtu wa kwanza kurusha SR-71 katika safari ya kazi, Machi 1968, ndege iliyokwenda zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti juu ya Vietnam Kaskazini na kurudi salama. Aliyepita katika hayo alifia kwenye safari fupi ya ndani ya nchi, katika ndege ya kubebea watu. Wakati huo jeshi lilikuwa limekwisha kuanza kuziondoa T-39 na kuleta Learjet, zilizoitwa C-21.

Kwa Jeshi la Majini maafa yalikuja darasani. Tarehe 8 Mei 2002, T-39N mbili ziligongana juu ya Ghuba ya Mexico, kusini mwa Pensacola. Watu saba wakafa. Tarehe 10 Januari 2006, nyingine ikiwa safarini kwenda Pensacola ilianguka kwenye milima ya Georgia. Wanne wakafa. Magazeti yaliandika siku moja au mbili, yakaendelea na habari za Afghanistan na Iraki, ambako wanajeshi wengine walikuwa wakifa kwa namna inayohesabika kishujaa zaidi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na desturi. Mwalimu aliyekufa kwenye mgongano juu ya bahari alikuwa anafanya kazi ileile ya nchi, kwa hatari ileile, na faida ya kazi yake ilikuwa kubwa kuliko ya safari yoyote moja ya vita, kwa sababu kila aliyemfundisha vizuri alirudi na mwenzake wa kiti cha mbele. Jeshi linalojenga minara kwa waliokufa vitani na kuwaacha waliokufa darasani kwenye orodha ya ajali linajidanganya juu ya chanzo cha nguvu zake.

Tukirudi kwenye wazo la ndege moja kwa kazi mbili, lilijaribiwa kwingine pia. Ufaransa ilitangulia: Morane-Saulnier Paris iliruka Julai 1954, jeti ya watu wanne ya mawasiliano na mafunzo, nayo Argentina na Brazil zikaitumia kwa miaka mingi. Saab 105 ya Sweden, iliyoruka mwaka 1963, ilikuja na ubunifu ninaoupenda: viti viwili vya kurushia marubani nje wakati wa hatari viliweza kung'olewa na kuwekwa viti vinne vya kawaida, darasa likageuka teksi. Sweden pia ilikuwa na Sabreliner mbili. Marekani yenyewe, kuanzia 1992, ilipokea 180 za T-1 Jayhawk, jeti ndogo ya kibiashara iliyogeuzwa shule ya marubani watakaorusha ndege kubwa za mizigo na za kujazia mafuta angani. Ni mjukuu wa wazo la UTX, tofauti ni kwamba T-1 ilipewa kazi moja: kufundisha.

Na nadhani mjukuu ndiye aliyepatia. Ndege moja ikiwa ya mkubwa na ya mwanafunzi kwa wakati mmoja, siku yenye uhitaji wa wote wawili mkubwa ndiye atakayesafiri, na mwanafunzi ataambiwa arudi kesho. Mafunzo hayalalamiki yakiahirishwa. Hasara yake huonekana baada ya miaka, usiku wa mvua, kwenye njia fupi ya kutulia, wakati rubani anapodaiwa zile saa ambazo hakupewa. Nchi yoyote inayopanga kununua ndege za kivita za kung'ara kwenye gwaride ingefanya vyema kuanza na idadi ya kutosha ya ndege ndogo za kufundishia, na kuwakataza wakubwa kuzigusa.

T-39A moja imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, Dayton, Ohio. Humo zimo pia X-15 na dege la majaribio XB-70, zilizotoka kampuni ileile, na hizo ndizo zinazowavuta watu na kamera zao. Msomaji wetu uliyeko Marekani, au mwenye mtoto anayesoma huko, ukifika Dayton tenga robo saa kwa ajili ya ile ndogo yenye madirisha ya pembetatu, na mwoneshe mtoto mahali marubani wawili walipokaa, bega kwa bega, mmoja akijifunza. Kiingilio ni bure.